Kuavya mimba: karatasi zilizozunguka Uhuru Park

Kila msimu wa kampeni ukikaribia, sentensi mbili hurudi mtandaoni. Ya kwanza: "Katiba imekataza kuavya mimba, mjadala umekwisha." Ya pili: "Katiba imeruhusu, someni nyinyi." Watu watatukanana hadi saa nane usiku, na asubuhi kila mmoja ataamka na msimamo wake uleule.

Uzi wa leo hautamtaja mwanasiasa wala chama. Hiyo ndiyo kanuni yetu hapa, na kwa jambo hili inafaa kuliko kawaida, kwa sababu kila upande una watu waliosema hivi madhabahuni na vile mbele ya wafadhili. Nitasema mapema ninakoegemea, msije mkasema nimewavizia: naona wanawake waliopigania jambo hili Nairobi hawajatumia nguvu nyingi kuomba sheria mpya. Nguvu zao nyingi zimeenda kuitaka serikali iweke kwa karatasi kile ambacho Katiba tayari imesema, na kuzuia karatasi hiyo isinyakuliwe tena.

Tuanze na maandishi yenyewe. Fungua Katiba, Kifungu 26. Ibara ya pili inasema uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Hiyo ndiyo nusu inayopenda kusomwa kwa sauti. Ibara ya nne inasema kuavya mimba hakuruhusiwi, halafu kabla ya kufika nukta inafungua milango: ila kama, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyepata mafunzo, kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha ya mama yako hatarini, au afya yake iko hatarini, au kama sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Kwa hivyo anayesema "imekataza" amesoma nusu, na anayesema "imeruhusu" naye amesoma nusu. Angalia pia kwamba haikusema daktari. Imesema mtaalamu wa afya aliyepata mafunzo, na nchi hii huduma nyingi zinatolewa na wauguzi na maafisa wa kliniki. Na imetaja afya, sio maisha peke yake. Hayo maneno machache yamepiganiwa kama shamba la urithi.

Sasa turudi nyuma kidogo, manake kuna hoja nyingine inayopendwa sana: "Haya ni mambo ya wazungu."

Sawa. Wacha tuangalie ni nini hasa wazungu walileta. Mwingereza alipoitawala nchi hii kwanza alitumia Kanuni ya Adhabu ya India, kisha mwaka 1930 akaleta Kanuni ya Adhabu mpya. Sehemu zake kuhusu kuavya mimba zimetokana na sheria ya Bunge la London ya mwaka 1861. Ndizo hizo hizo tunazo leo: sehemu ya 158 inampa anayemtoa mwanamke mimba hadi miaka 14 jela, ya 159 inampa mwanamke mwenyewe hadi miaka 7, na ya 160 inampa anayeleta dawa au vifaa hadi miaka 3. Waingereza wenyewe walilegeza ya kwao mwaka 1967, India ikafuata 1971, Zambia 1972. Sisi tulipata bendera 1963, tukabaki na karatasi ya Malkia Victoria.

Sisemi kwamba kabla ya ukoloni kila kitu kilikuwa ruksa, la. Jamii zetu zilikuwa na miiko yao, na mingine ilikuwa mikali. Ila haikuwa ile hadithi safi tunayosimuliwa ya "Mwafrika hajawahi." Kule Meru, katika miaka ya 1920 na 1930, msichana aliyepata mimba kabla ya kutahiriwa alionekana kuwa ameleta balaa, na mimba hiyo ilitolewa. Maafisa wa kikoloni walikuwa na wasiwasi kwamba watu wa huko hawaongezeki. Dawa waliyoona? Wasichana watahiriwe mapema zaidi, kabla ya kubaleghe, ili mimba za namna hiyo zisiwepo. Mwanahistoria Lynn Thomas ndiye aliyeyachimbua haya kwenye nyaraka za wakati huo. Hebu fikiria: upande mmoja wa Mlima Kenya wamisionari wanapigana na tohara ya wasichana, upande wa pili afisa wa serikali ileile anaihimiza ifanywe haraka. Tumbo la msichana lilikuwa faili la ofisi tangu zamani.

Hata hiyo sheria ya kikoloni ilikuwa na mwanya. Inaadhibu anayefanya "kinyume cha sheria", na maneno hayo yanamaanisha ipo namna isiyo kinyume cha sheria. London, mwaka 1938, daktari Aleck Bourne alimfanyia upasuaji msichana wa miaka 14 aliyebakwa na wanajeshi, kisha akajipeleka mwenyewe kwa polisi. Akaachiliwa, kwa sababu jaji aliliambia baraza kwamba kuokoa maisha kunaweza kumaanisha pia kumwokoa mtu asiwe gofu kimwili na kiakili. Mwaka 1959 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ikaifuata fikra hiyo katika kesi iliyohusu daktari wa Kenya: kinachoharamishwa ni upasuaji usio na sababu nzuri ya kitabibu. Huyo daktari alipoteza kesi yake, lakini kanuni ikabaki. Kwa hiyo hata kabla ya uhuru, mwanamke aliyekuwa na pesa na daktari anayemfahamu angeweza kupata "sababu nzuri ya kitabibu". Asiye na pesa alipata mkunga wa kichochoroni. Hilo halijabadilika sana, na nitalirudia.

Miaka ya mwanzo ya uhuru nitaipitia mbio, ila kuna jambo moja la 1969 ambalo watu wamelisahau na linaumiza. Tangu 1959 kulikuwa na sheria iliyomruhusu mama asiyeolewa kumpeleka mahakamani baba wa mtoto na kudai pesa za matunzo. Mwaka 1969 Bunge likaifuta. Bunge hilo halikuwa na mwanamke hata mmoja; mbunge wa kwanza mwanamke alichaguliwa mwishoni mwa mwaka huohuo. Sababu walizotoa zilikuwa za kuchekesha kama si za kuudhi: ati wasichana wanatumia mimba kutajirika. Basi msichana akabaki na mlango wa nyuma umefungwa na sehemu ya 159, na mlango wa mbele umefungwa na Bunge. Ukisikia mtu anasema "wangezaa tu walee", mkumbushe mwaka huo.

Twende 1985. Julai mwaka huo Nairobi ilipokea mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya wanawake. Wajumbe wa serikali walikaa KICC, na wale wa mashirika, maelfu kwa maelfu, wakajaa Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka mmoja kabla, serikali ya Marekani ilikuwa imetangaza kwamba haitalipa shirika lolote la nje linalohusika na uavyaji mimba, hata kama kwa pesa nyingine. Agizo hilo limekuwa likiondolewa na kurudishwa kila serikali ya Washington inapobadilika. Liliporudi 2001, Chama cha Uzazi wa Mpango cha Kenya na Marie Stopes walifunga kliniki kadhaa, na walioumia zaidi ni wanawake waliokwenda pale kwa vidonge vya kupanga uzazi, chanjo za watoto na vipimo. Yaani kura inapigwa Ohio, kliniki inafungwa Mathare.

Mkutano wa 1985 uliacha kitu kimoja kikubwa hapa: mawakili wanawake wa Kenya waliunda FIDA Kenya mwaka huohuo. Ofisi yao leo iko Lavington, kwenye vile vibarabara vyenye miti vya Gitanga Road. Mtu anaweza kusema, na wengi husema, kwamba huu ufeministi ni wa mabibi wa Lavington na Kilimani. Kuna ukweli ndani yake, sikatai. Lakini kabla hujacheka, angalia wateja wanaopanga foleni pale. Hawatoki Lavington.

Miaka ya tisini ilikuwa ya moshi, na sitanii. Cairo 1994, mataifa yalikubaliana kwamba mwanamke aliyeharibikiwa baada ya kuavya, hata pale sheria inapokataza, lazima atibiwe. Kenya ilikuwa kati ya nchi zilizofunza wahudumu wake kutoa huduma hiyo. Halafu mwaka 1996, Uhuru Park, Kadinali Maurice Otunga akaongoza uchomaji wa kondomu na vitabu vya elimu ya ngono hadharani. Wakati huo ukimwi ulikuwa unatumaliza. Hali ilikuwa ya namna hiyo: hata kinachozuia mimba kisiingie kilikuwa kinachomwa, sembuse mazungumzo ya kuitoa.

Hapa sasa ndipo hadithi ya Nairobi inapoanza kuwa ya mahakamani.

Mei 2004, vijusi 15 vilipatikana vimetupwa kwenye mifuko ya plastiki karibu na Mombasa Road. Picha zilijaa magazetini. Nchi ilishtuka, na ilikuwa na haki ya kushtuka. Polisi wakamkamata Dkt. John Nyamu, aliyekuwa na kliniki za afya ya uzazi, pamoja na wauguzi wawili, na kuwashtaki kwa kuua, kosa ambalo hukumu yake ni kifo. Hawakupewa dhamana. Walikaa rumande mwaka mzima. Juni 2005 Mahakama Kuu ikawaachilia kwa kukosa ushahidi wa kuwafunga na ile mifuko.

Kesi ile ilifanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Iliwatia wahudumu woga ambao haujawatoka hadi leo. Wapo waliofunga milango, wapo walioacha hata kumgusa mwanamke anayetokwa damu wasije wakaambiwa ni wao. Lakini pia iliwakutanisha watu ambao hawakuwa wakikaa meza moja: madaktari, FIDA, watetezi wa waliodhulumiwa kingono. Mwaka huohuo wa 2004 utafiti wao pamoja na Wizara ulikadiria kwamba hospitali za umma zilikuwa zinalaza wanawake karibu 21,000 kwa mwaka kwa sababu ya mimba zilizoharibika, nyingi zikiwa zimetolewa vibaya. Kwa mara ya kwanza wakawa na namba mkononi mbali na uchungu.

Kisha ikaja Katiba. Sehemu hii nawaomba muisome polepole kwa sababu hapa ndipo uongo mwingi unapikwa, pande zote mbili.

Rasimu ya wataalamu ilipofika kwa kamati ya wabunge kule Naivasha, Januari 2010, wabunge waliingiza maneno kwamba uhai huanza mimba inapotungwa, na kwamba kuavya hakuruhusiwi isipokuwa maisha ya mama yakiwa hatarini. Madaktari na wanawake wakaruka. Walichouliza kilikuwa cha kawaida kabisa: mimba iliyotunga nje ya nyumba ya uzazi je? Mgonjwa wa moyo je? Mtu asubiri mama afikie kukata roho ndipo aandike fomu? Kamati ya Wataalamu ikaichukua tena karatasi, ikaacha lile la kutungwa kwa mimba, lakini ikaongeza dharura, ikaongeza afya, ikaweka mtaalamu wa afya aliyepata mafunzo mahali pa daktari aliyesajiliwa, na ikaongeza ile "sheria nyingine iliyoandikwa". Bungeni, kwenye kikao cha mwisho, marekebisho zaidi ya mia moja yaliletwa na hakuna hata moja lililopata kura za kutosha. Tarehe 1 Aprili 2010 rasimu ikapita ilivyo.

Makanisa makubwa yakasimama upande wa La. Sababu zao kuu zilikuwa mbili, mahakama za kadhi na hiki Kifungu 26. Wanaharakati wengi wa wanawake wakasimama upande wa Ndiyo, na walikuwa wamemeza kitu kichungu: walikuwa wanaipigia debe karatasi yenye sentensi ambayo hawakuitaka, kwa sababu karatasi hiyohiyo iliwapa haki za ardhi, uraia wa watoto wao, kiwango cha theluthi mbili, na Kifungu 43 kinachotaja afya ya uzazi kwa jina. Tarehe 4 Agosti watu zaidi ya milioni 6 wakasema Ndiyo, asilimia 67. Kwa hiyo mtu akikuambia Wakenya hawakuulizwa, waliulizwa, na Kifungu 26 ndicho kilichopigiwa kelele kuliko karibu kingine chochote. Na mtu akikuambia Wakenya walipigia kura uavyaji mimba huru, huyo naye anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Kwenye pesa za nje, hebu tuwe wakweli. Upande mmoja una wafadhili wa Ulaya na Marekani, haijafichwa. Upande wa pili, mwaka huohuo wa 2010, shirika la wanasheria Wakristo wa Marekani lilifungua tawi lake hapa Nairobi kupinga rasimu. Ukitaka kutupa jiwe la "ajenda ya kigeni", hakikisha lina pembe mbili.

Katiba imepita. Sasa muuguzi wa zahanati afanye nini? Katiba haimwambii hatari ya afya inapimwaje, anaandika wapi, anamtuma mgonjwa wapi. Ndiyo maana Septemba 2012 Wizara ilitoa mwongozo wa kupunguza magonjwa na vifo vinavyotokana na uavyaji usio salama. Karatasi hiyo ilikuwa ya kuchosha, yenye lugha ya ofisini, na ilikuwa ushindi mkubwa kuliko maandamano yoyote. Mwaka huohuo wasichana wa Nairobi walianzisha laini ya simu iitwayo Aunty Jane, ambapo mtu anaweza kuuliza juu ya mwili wake bila kuhubiriwa. Jina lake liliwakumbusha wengi wanawake wa Chicago waliokuwa na mtandao wao wa Jane mwishoni mwa miaka ya sitini.

Haikudumu. Tarehe 3 Desemba 2013, barua moja kutoka Afya House iliuondoa mwongozo ule. Februari 2014 ukafuata waraka: wahudumu wasihudhurie mafunzo ya uavyaji salama, na wasitumie dawa fulani. Atakayekaidi ashtakiwe. Hakuna Bunge lililokaa, hakuna kura. Barua tu. Afya House, kwa wasioijua, iko Cathedral Road, nyuma ya All Saints, mtupo wa jiwe kutoka Uhuru Park. Nimetembea hapo mara nyingi na jina la barabara hunichekesha kila siku.

Na mwaka huohuo wa 2014, muuguzi mmoja wa Gachie, ng'ambo kidogo tu ya Kitisuru na Runda, alihukumiwa kifo na Mahakama Kuu kwa sababu mwanamke alikufa na ikasemekana alikuwa amemtoa mimba. Mahakama ya Rufaa ilimwachilia 2017. Weka hizo mbili pamoja, mwongozo umeondolewa na muuguzi yuko kamitini akisubiri kitanzi, halafu jiulize ni muuguzi gani angefungua mdomo.

Desemba 2014, msichana wa Kisii anayejulikana mahakamani kwa herufi JMM alikuwa amepata mimba baada ya kunajisiwa na mtu mzima. Alikuwa na miaka 14 hivi. Alipelekwa kwa mtu wa kumtoa mimba hiyo kwa siri, akatolewa vibaya. Alipoanza kutapika na kutokwa damu alizungushwa kutoka kituo kimoja hadi kingine, vingine havikuwa na mtu aliyefunzwa kumhudumia, wengine hawakuthubutu. Figo zikaharibika. Mama yake, PKM kwa herufi za mahakama, alizunguka naye hadi Nairobi kutafuta mashine za kusafisha damu. Hakuwa mwanaharakati. Alikuwa mama aliyetaka kujua kwa nini.

Mwaka 2015 FIDA Kenya, PKM na wahamasishaji wawili wa jamii wakafungua kesi Milimani. Walichoomba, na hapa narudi kwa lile nililosema mwanzo, hakikuwa sheria mpya. Waliomba mwongozo urudi. Vyama vya madaktari Wakatoliki na wataalamu wa Kikristo viliingia kwenye kesi kupinga, wakasema kwa nguvu kwamba mtoto aliye tumboni naye ana Kifungu 26 chake. Sio hoja ya kipuuzi, na majaji hawakuichukulia hivyo. Kesi ikaenda polepole kama kesi zetu zinavyokwenda. JMM akafa Juni 2018, kabla haijaisha.

Tarehe 12 Juni 2019 majaji watano walisoma hukumu. Walisema kuondoa mwongozo kulikuwa kinyume cha sheria, kulifanywa bila kuwashirikisha watu, na kuliwavunjia wanawake na wahudumu haki zao. Walisema afya ni ya mwili, akili na hali ya maisha ya mtu. Walisema mimba ya ubakaji au ya kunajisiwa inaweza kutolewa ikiwa mtaalamu aliyefunzwa ameona inahatarisha maisha au afya ya mama. Serikali iliamriwa kumlipa PKM shilingi milioni 3. Lakini soma hukumu yote, usisome vichwa vya habari: walisema pia kwamba kuavya mimba nje ya milango ile ya Katiba bado ni kosa. Siku hiyo upande mmoja ulisherehekea na mwingine ukalia, na sidhani kama wengi kati yao walifika ukurasa wa mwisho.

Miezi mitano baadaye KICC ikawa na mkutano mwingine mkubwa, wa miaka 25 tangu Cairo. Ndani wajumbe walizungumzia afya ya uzazi. Nje, mjini, makundi ya kidini yakafanya mkutano wao. Bendera, mabango, maombi, foleni ya magari hadi Museum Hill. Katika siasa zetu hiyo inaitwa mazungumzo ya kitaifa.

Kesi ya pili ilitoka pwani. Mwaka 2019, Kilifi, msichana wa shule alifika kliniki akiwa na matatizo ya mimba, akahudumiwa na afisa wa kliniki. Polisi wakaingia, wakamkamata yeye na aliyemtibu, wakachukua rekodi. Machi 2022 Mahakama Kuu ya Malindi ikasema kukamata watu namna hiyo hakukubaliki, kwamba huduma hii ndani ya milango ya Katiba ni haki, na kwamba Bunge litunge sheria inayolingana na Katiba. Waliopinga wakakata rufaa. Hayo ni haki yao.

Na Bunge? Miswada ya afya ya uzazi ililetwa Seneti 2014 na tena 2019. Wa pili ulizua kelele hadi watu wakadai unafundisha watoto wa darasa la nne kuavya, jambo ambalo halikuwemo. Yote miwili ilikufa. Ni rahisi kuelewa sababu. Sheria ikiwa haijaandikwa, hakuna anayelazimika kupiga kura, na asiyepiga kura hana cha kuulizwa kanisani Jumapili wala na wanawake Jumatatu. Hata nje tulifanya hivyohivyo: Oktoba 2010, miezi miwili baada ya Katiba mpya kupita, Kenya iliridhia Itifaki ya Maputo juu ya haki za wanawake, ikaweka pingamizi kwenye kipengele kinachohusu kuavya mimba. Ethiopia ililegeza sheria yake 2005, Rwanda 2012, bila mbingu kuanguka.

Wakati huo hesabu zinaendelea. Kituo cha utafiti cha APHRC, chenye makao Kitisuru na ambacho kimewafuatilia watu wa Korogocho na Viwandani kwa miaka mingi, kilikadiria pamoja na Wizara kwamba mwaka 2012 mimba 464,690 zilitolewa nchini, na karibu wanawake 120,000 wakatibiwa kwa madhara yake. Makadirio yaliyotolewa 2025 yanakaribia 793,000. Jela ya miaka 7 ipo kwenye vitabu muda huo wote. Anayeamini kwamba adhabu inazuia, hizo ndizo namba anazopaswa kuzieleza, na mimi ningependa kusikia maelezo yake bila matusi.

Nilisema nitarudia jambo la pesa. Mwanamke wa Kileleshwa mwenye bima ana daktari wake, ana mlango uliofungwa, ana risiti isiyosema chochote. Yule wa Dandora ana vibandiko vya namba za simu kwenye nguzo za stima River Road. Sheria ni moja, lakini sijawahi kusikia polisi wamevamia hospitali ya bei ghali wakamtoa mgonjwa kitandani. Waliovamiwa ni kliniki ndogo za wanyonge, na waliokamatwa ni wasichana wa aina ya yule wa Kilifi. Wanaopinga kuavya mimba kwa dhamiri yao, na wapo wengi ninaowaheshimu, wangenisaidia sana wakilijibu hili kwanza kabla ya mengine.

Kwa wanaouliza swali la haraka, "je, mwongozo wa 2012 unatumika?": mahakama ilisema kuuondoa kulikuwa batili. Kwa wanaouliza, "je, sehemu za 158 hadi 160 zimefutwa?": hapana, ziko palepale. Muuguzi anafanya kazi katikati ya hizo karatasi mbili.

Maswali wekeni hapo chini, nitajibu ninavyoweza. Ya matusi sijibu.